Herufi Nne Nilizojaziwa

Kadi yenyewe ni ndogo, haizidi kiganja. Imepigwa laminesheni ili isilowe, na imegandishwa kwenye pembe ya meza yangu kwa gundi ambayo nimeshaijaribu kwa kucha, kwa rula na kwa kisu cha kufungulia maboksi. Ina herufi nne: PVKU. Ukiisoma haraka utadhani ni namba ya trela. Ndiyo mimi huyo. Miaka arobaini na mitatu ya kuishi, watoto watatu, baba niliyemuuguza mpaka nikamzika, miaka tisa ya kusimama mbele ya madereva wenye njaa hapa mpakani Tunduma, vyote vimeingia kwenye herufi nne na nafasi ikabaki.

Naandika nikiwa na hasira, nisije nikamdanganya mtu. Walinishauri nisubiri ipoe. Nimesubiri mwaka mzima na haijapoa.

Ofisi yetu ni ya uwakala wa forodha. Ina vyumba viwili na dirisha moja linalotazama barabara. Malori yanayokwenda Zambia na Kongo yanapanga foleni, dereva anashuka na bahasha yake ya nyaraka, anakuja dirishani, nasi tunahakikisha karatasi zimekamilika kabla hajavuka kwenda Nakonde, upande wa Zambia. Dirisha hilo lilikuwa langu. Nilijua dereva yupi ana sukari na hawezi kukaa bila kula, yupi anaongeza chumvi kwenye kila habari, yupi akinyamaza ujue ana tatizo kubwa. Kitu cha kwanza nilichotazama, hata kabla ya kuitikia salamu, ni tarehe ya mwisho ya kibali. Wazambia waliniita ba mayo, yaani mama kwa Kibemba, na wa kwetu waliniita mama. Sikuwa mwongeaji na sikuwachekea ovyo. Hakuna hata mmoja aliyewahi kulalamika kwamba amevuka akiwa hajachekewa.

Chumba cha nyuma, cha mafaili, kilikuwa cha mwenzangu. Yeye ni wa Nanyala, mimi ni wa kijiji cha kahawa huko juu ya Vwawa. Sote ni Wanyiha, sote tumekuzwa kwa jembe na kengele ya kanisa. Nimemzidi miaka sita, kwa hiyo ananiita dada. Na anaongea. Anaongea akifungua faili, anaongea akifunga faili, anaongea na mpiga mhuri, na fundi wa feni, na feni yenyewe. Sauti yake ilikuwa inanifikia dirishani kutwa, na siku akiumwa ofisi ilinielemea. Nilimpenda kama mtoto wa mama yangu. Naliweka hilo mbele mapema kwa sababu ya yatakayofuata.

Bosi wetu ni mtu wa Momba, mpole, mchapakazi, ila ana ugonjwa wa semina. Akisikia kampuni fulani imefanya jambo, na sisi tutafanya. Safari hii alimleta mwezeshaji kutoka Dar es Salaam, kijana wa suruali ya kubana na viatu visivyowahi kuliona vumbi letu. Siku mbili nzima zikatangazwa: tutafundishwa jinsi ya kujitambua.

Nitamtendea haki yule kijana, maana hasira isiyo na haki ni kelele tu. Alijua anachokisema. Alisema kila mtu ana mielekeo minne ya akili, kama vile kila mtu ana mkono anaopenda kuandikia. Wa kwanza, unapata nguvu kwa watu au ukiwa peke yako: W au P. Wa pili, unaamini vitu unavyoviona au ndoto ya vitakavyokuja: V au N. Wa tatu, unaamua kwa kichwa au kwa moyo: K au M. Wa nne, unapenda maisha ya utaratibu au ya uhuru: U au H. Mielekeo hiyo ikiungana, alisema, ndipo aina ya mtu inapozaliwa, na aina ziko kumi na sita.

Halafu akasema jambo ambalo nililiandika kwenye daftari na kulipigia mstari. Alisema herufi hazisomwi mojamoja. Chumvi ndani ya maharage na chumvi ndani ya chai ni chumvi ileile, lakini onja uone. Kichwa cha mtu wa peke yake hakifanyi kazi sawa na kichwa cha mtu wa watu, na moyo uliokaa pamoja na utaratibu unaweza kupenda kwa namna ambayo wengine hawaitambui. Na tena, alisema, huo ni mwelekeo tu, haukuambii mtu anaweza nini. Anayeandikia mkono wa kulia bado ana mkono wa kushoto.

Nilifurahi. Wahenga walisema akili ni nywele, kila mtu ana zake, na huyu alikuwa anatuonyesha jinsi zinavyosukwa. Nikamtazama Bosi nione kama amelisikia lile la chumvi. Bosi alikuwa ameinama anachora ramani ya ofisi, meza kwa meza.

Baadaye tukagawiwa madodoso. Maswali mengi, kila swali na visanduku viwili, uweke alama kwenye kimoja. "Jibuni kwa ukweli kabisa," mwezeshaji akasema, "kila mtu kuhusu yeye mwenyewe." Kisha tukaenda chai, tukiruhusiwa kujaza hukohuko.

Hapo ndipo tulipokosea, mimi na mwenzangu, na nadhani ni kosa ambalo watu wa kwetu tu ndio wangelifanya.

Kwetu mtu hajishuhudii. Mtoto akisema "mimi ni hodari", bibi anamuuliza, "Nani amekuambia?" Washenga wakija kuulizia binti, hawamuulizi binti mwenyewe tabia yake. Wanazunguka kwa majirani, wanakwenda kwa shangazi, wanauliza kisimani. Binti atakayesimama akasema "mimi ni mvumilivu na nina moyo mzuri", hata kama ni kweli, washenga wanaaga na hawarudi. Kizuri chajiuza. Sasa tumeketi na chapati mkononi, tunasoma: "Je, watu hukuamini na siri zao?" "Je, wewe ni mwepesi wa kuwahurumia wengine?" Tulitazamana tukacheka kwa aibu. Nikasema, "Hili mimi nalijibuje? Si nitaonekana najisifu?" Yeye akasema, "Na amesema tuseme ukweli kabisa, dada. Ukweli wa mtu anao jirani yake." Tukabadilishana karatasi. Nikajaza yake, akajaza yangu. Tuliona tumefanya jambo la uaminifu mkubwa. Kila mmoja akaikunja aliyoijaza, akaitia kwenye bahasha yenye jina la mwenzake, na hatukuonyeshana.

Vijana wa idara ya usafirishaji, wengi wao wageni hapa, walijaza wenyewe. Wote wakatoka viongozi.

Kesho yake majibu yakasomwa mbele ya watu. Mwenzangu: WNMH. Mtu wa watu, mwenye ndoto, mwenye moyo, asiyefungwa na utaratibu. Wakampigia makofi. Mimi: PVKU. Peke yake, vitu, kichwa, utaratibu. Karatasi ya maelezo iliandika kwamba mtu wa aina yangu ni wa kutegemewa, ila hisia za watu hazimsumbui sana. Wakanipigia makofi pia, yale ya mazishi ya mtu wa mbali.

Ile P ilikuwa sawa, V sawa, U nani angeikataa? K ndiyo iliyonikaa kooni. Kichwa. Mtu aliyenijua kwa miaka tisa, aliyekula kwangu, ambaye mwanawe wa kwanza nilimsimamia ubatizo, alisoma swali baada ya swali, na kila alipoulizwa kama naamua kwa kichwa au kwa moyo, aliweka alama kwenye kichwa. Jioni nilimpitia tukaondoka pamoja kama kawaida. Alinisimulia habari za dada yake mpaka tukafika njia panda. Nilimjibu ndiyo na hapana.

Jumatatu Bosi akabandika ramani yake. Kwa muda mrefu alikuwa ameahidi kwamba dirisha litapata msimamizi, na kila mtu alijua ni nani, maana hakuna mwingine aliyewahi kukaa pale. Ramani ilisema: dirishani atakaa mtu wa watu, mwenye moyo, mafaili yatashikwa na mtu wa peke yake, wa utaratibu. Tulibadilishwa, mimi na mwenzangu, kama matairi ya mbele na ya nyuma. Msimamizi wa dirisha akawa yeye. Wakapita na gundi, wakagandisha kadi.

"Usilichukulie vibaya," Bosi akaniambia. "Nakupeleka mahali utakapokuwa na furaha."

Nilikuwa na furaha pale nilipokuwa! Hakuniuliza. Karatasi ilimjibu kwa niaba yangu.

Wiki tatu nilikaa chumba cha nyuma nikinusa vumbi la mafaili, huku nikiwasikia madereva dirishani. "Yule mama yuko wapi?" "Amestaafu?" Kila swali lilikuwa mwiba. Mwenzangu aliwajibu kwa vicheko, aliwauliza hali za watoto, aliwatania. Wiki ya kwanza sauti yake ilikuwa juu. Wiki ya pili ikaanza kukwaruza. Wiki ya tatu akawa anakuja chumba cha nyuma kila baada ya nusu saa, anasimama katikati ya kabati, hasemi kitu, kisha anarudi. Nami, Mungu anisamehe, nilimwona akipukutika nikakaa kimya. Nilijiambia, si wewe uliyeniandikia K? Sasa shika dirisha na moyo wako.

Ndipo akaja yule dereva wa Zambia. Mtu mzima, mpole, aliyezoea kupita kwangu. Alisalimia, mwenzangu akampokea kwa bashasha, wakazungumza habari za mvua za Kasama mpaka foleni ikaanza kuguna. Karatasi zake zikaingia kwenye trei pamoja na nyingine. Kibali chake kilikuwa kimebakiza siku ile moja tu. Kesho yake kilikuwa kimekufa, na lori lilikuwa halijasogea.

Alirudi dirishani amebadilika. Alisema kwa Kibemba, akasema kwa Kiswahili, akachanganya na Kiingereza ili asibaki mtu hajaelewa. "Ulinichekea! Ulinichekea, na karatasi yangu inakufa! Yule ba mayo alikuwa hacheki, lakini mimi nilikuwa nalala nyumbani kwangu!" Foleni nzima ilisikia. Mimi nilisikia. Na nitasema ukweli wote kwa kuwa nimeuanza: nilijisikia vizuri.

Mwenzangu akaja chumba cha nyuma, akaketi juu ya boksi la mafaili ya zamani, akaweka uso mikononi. Ilikuwa saa nane mchana, joto limejaa chini ya bati. Mabega yalimtikisika. Dada wa kweli angemshika. Mimi nilifunga faili nililokuwa nalo, nikalirudisha mahali pake, nikasema:

"Si ndizo herufi zako hizo? Za watu wenye moyo?"

Akanyanyua uso.

"Na wewe ndizo zako," akasema. "Tena zimekukaa zote nne."

"Sikuzijaza mimi. Ulizijaza wewe. Miaka tisa, mdogo wangu. Uliniona wapi sina moyo?"

"Sikuandika huna moyo. Niliandika unaamua kwa kichwa."

"Wapi? Nitajie mahali pamoja!"

Akaufuta uso kwa upindo wa kitenge. Halafu akasema polepole, na sauti yake ilikuwa ya mtu mwingine kabisa. "Siku aliyofariki mama."

Lazima nieleze siku hiyo, maana mpaka dakika ile niliihesabu kuwa ni siku niliyompenda kuliko siku zote.

Ilikuwa miaka minne kabla ya semina. Simu yake ilikuwa imeisha chaji, kwa hiyo mjomba wake alinipigia mimi kutoka Nanyala. Saa nne asubuhi. Mama amefariki, alisema, tafadhali mlete, lakini usimwambie. Hivyo ndivyo kwetu, hakuna asiyejua. Mama yangu alinifundisha kwamba habari ya kifo haipewi mtu aliyesimama, wala mwenye njaa, wala mtu atakayesafiri nayo peke yake. Unamwambia mgonjwa amezidiwa, unamsindikiza, mengine atayajua kwenye mikono ya ndugu zake.

Nilirudi ndani. Alikuwa anacheka na dereva mmoja kuhusu jogoo aliyepanda lori. Nilimtazama nikajua, huyu akiondoka sasa hivi ataondoka na chai ya saa kumi na mbili tumboni, na msiba utamshikilia siku tatu bila kula. Nikatoka nyuma. Nikampigia mwenye gari la kukodi, alikuwa kwenye mji mdogo wa Mpemba, akasema atachukua muda kurudi. Nikampigia mume wake aliyekuwa Vwawa, nikamwambia atusubiri barabarani. Nikamwomba jirani alete kanga mbili nyeusi na sweta, maana Nanyala jioni ni baridi. Nikanunua wali na maharage, nikamlazimisha ale, nikamwambia leo ni zamu yangu kukununulia. Alikula akifurahi. Aliniuliza mbona simu yangu inaita sana. Nikamwambia ni dereva msumbufu. Gari lilipofika, saa sita na nusu, nikamwambia mama anaumwa, wamenituma nikupeleke.

Njia nzima nilimshika mkono. Nilitumia kila kitu nilichokuwa nacho siku ile. Wengine wanapenda kwa machozi. Mimi nilipenda kwa gari, kwa sweta, kwa sahani ya wali. Ni lile la chumvi kwenye maharage, kama kuna mtu aliyelisikiliza.

Nilimwambia yote hayo pale kwenye maboksi, kwa sauti iliyofika barabarani.

"Najua," akasema. "Niliyajua yote baadaye. Hata sweta ninalo mpaka leo. Lakini mama yangu alikuwa amelala maiti, nami nacheka habari za jogoo. Kwa saa mbili na nusu, dada. Nilikula nikashiba. Nikaomba pilipili. Kila nikikumbuka ile pilipili naona aibu kana kwamba nilimtukana. Wewe ulijua, ukakaa mbele yangu, ukanitazama nikiitia. Mtu wa moyo angeshindwa. Angelia mbele yangu, ningejua, tungepiga kelele wote wawili tukapanda hata lori la kwanza. Wewe hukushindwa. Ulipanga kifo cha mama yangu kama faili la mzigo."

Nilitaka kumpiga. Naandika kama ilivyokuwa. Miaka minne alinibebea neno hilo, akala kwangu Krismasi nne, akacheka na wanangu, na siku alipopewa kisanduku cha kuwekea alama ndipo akalitua. Kwa mwezeshaji! Kwa Bosi! Kwa kila mtu isipokuwa mimi.

"Ungeniambia," nikasema. "Miaka yote unaongea, unaongea mpaka na feni, hilo moja likakushinda?"

"Wewe uliweka alama gani kwenye karatasi yangu?" akauliza. "Nani alikuambia napenda watu?"

"Kila mtu anaona. Hunyamazi."

"Nikinyamaza watu wanaanza kuniuliza nina nini. Nikiongea wananiacha." Alipapasa boksi alilokalia. "Kuongea ndiko kufunga mlango kwangu. Hapa nyuma nilikuwa napumzika. Faili halikutazami. Umeniweka dirishani, dada. Bosi alichora tu. Ni wewe uliyeniweka."

Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Nilikuwa nimemjazia maswali yote kwa dakika chache, nikitafuna chapati, nikifurahia jinsi ninavyomjua. Hupenda mikusanyiko: ndiyo. Huchangamka akiwa na wageni: ndiyo. Huacha mambo bila kuyamalizia: nilikuwa nimecheka, nikaweka ndiyo. Sikusita hata mara moja.

Tukaenda kwa Bosi pamoja, macho yamevimba sote wawili. Nikamweleza, kwanza jinsi tulivyobadilishana karatasi, pili kwamba matokeo yote mawili hayafai, tatu kibali kilichokufa dirishani. Bosi alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akatabasamu.

"Umesikia ulivyopanga? Kwanza, pili, tatu. Utaratibu huo. Nani alijaza si hoja, mama. Mbona yanafanana na ninyi?"

Nilipiga meza yake. Kikombe kilimwagikia nakala ya ramani yake. Nilikuwa sijawahi kumpigia meza mtu anayenipa mshahara, wala sijajuta.

"Ona," akasema, akikausha kwa leso. "Mwezeshaji alituambia. Mtu wa peke yake akizidiwa, hulipuka."

Sasa mwambie nini mtu wa namna hiyo? Nikinyamaza, ni herufi yangu. Nikipiga meza, ni herufi yangu imezidiwa. Ningeanguka pale nikafa wangesema nimekufa kwa utaratibu. Kahawa yetu huko Mbozi hupangwa madaraja pia, lakini hupangwa ikiwa imeshamenywa, imeshakauka, haibadiliki tena. Hakuna mkulima mwenye akili anayeipa daraja ikiwa bado iko mtini. Hilo nilimwambia. Alisema ni mfano mzuri na atautumia.

Hata hivyo alivuta droo, akatoa madodoso mawili matupu yaliyobaki. "Sitaki lawama. Jazeni upya hapahapa, mbele yangu. Tuseme hivi: swali la kichwa na moyo ndilo litakaloamua dirisha. Mwenye moyo akae mbele."

Tukakaa. Kila mmoja na karatasi yake, kila mmoja na kalamu. Peke yangu niliweka alama bila shida. Vitu, sawa. Nikafika pale. *Unapoamua jambo linalomgusa mtu, unaongozwa zaidi na:* kisanduku cha kwanza kichwa, cha pili moyo.

Nilijua kilichokuwa mezani. Alama moja, dirisha langu linarudi, usimamizi nilioahidiwa unarudi, naye anarudi kwenye mafaili yake kupumzika. Kila mtu anapona kwa alama moja. Na nilikuwa na haki ya kuiweka, naamini hivyo mpaka leo. Kalamu ilikuwa juu ya kisanduku cha moyo. Nikamsikia bibi yangu, miaka mingi kaburini, akiniuliza: nani amekuambia?

Nikaisogeza karatasi mpaka mbele ya mwenzangu. "Jaza hapa," nikasema. "Wewe ndiye uliyekuwepo."

Bosi akasema hiyo hairuhusiwi. Hatukumsikiliza. Mwenzangu alisoma swali, akanitazama, akalisoma tena. Alijua kama mimi nilivyojua. Akiweka alama kwenye moyo, naye anaondoka kwenye lile dirisha linalommaliza. Macho yalimjaa. Aliinama, akaweka alama kwenye kichwa, palepale pa mwanzo, kwa mkono mzito mpaka karatasi ikatoboka.

"Siwezi kudanganya juu ya mama," akasema.

Hasira ilinipanda mpaka masikioni. Nilikaa nayo. Akanirudishia kalamu, lakini hakuiachia mara moja, tukabaki tumeishika sote wawili.

"Nikifa mimi," akasema, "gari utafute wewe. Asije akapanga mtu mwingine. Lakini wanangu usiwafiche. Waambie saa hiyohiyo."

Akaachia. Nikasaini jina langu chini ya karatasi.